Dhamana ya siku 90 haifiki masika

Mhariri,

Kaskazi ikishavuma, soko la nyumba Malindi huchangamka. Waitaliano wenye majumba Casuarina na Mayungu huwa wapo, ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Arabuni huwa wamerudi likizo, na madalali hawalali. Pamoja nao huja matangazo ya wakaguzi wa nyumba kwenye simu: picha iliyopigwa na droni, orodha ya "vipengele 400", na chini kabisa, kwa herufi nene, "Usiporidhika tunakurudishia pesa" au "Dhamana ya siku 90". Ukaguzi huo ndio kazi yetu. Tunaomba nafasi tueleze maneno hayo yana uzito gani, kwa kuwa mnunuzi huyalipia akidhani amepata kinga ambayo hakuuziwa.

Hatuna ugomvi na matangazo yenyewe. Kizuri chajiuza, ni kweli, lakini mkaguzi huuza macho yake na ukweli wake, vitu visivyowekwa mezani vikaonekana. Asipojitangaza hatajulikana. Ugomvi wetu ni na dhamana.

Chukua kalenda. Nyumba ikikaguliwa tarehe 10 Disemba, siku 90 zinakwisha tarehe 10 Machi. Masika ya pwani yetu huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndiyo huwa na mvua nyingi kuliko miezi yote. Dhamana imezaliwa kiangazi na imekufa kiangazi. Paa halikujaribiwa hata siku moja, wala fremu za madirisha, wala ukuta mfupi unaozunguka dari la juu (paa tambarare), mahali ambapo maji hupenda kupenyeza. Zaidi ya hayo, upepo wenyewe hubadilika. Disemba hadi Machi unavuma kutoka kaskazini mashariki. Masika huja na Kusi, na mvua hupigwa ubavuni mwa nyumba kutoka upande wa kusini na baharini. Dirisha lililokaa kavu Kaskazi nzima hufungua machozi wiki ya kwanza ya Kusi.

Mkaguzi anayekuja Januari hawezi kuona mvua, ila anaweza kuona nyayo zake. Duara la kahawia kwenye dari. Kutu kwenye vichwa vya misumari ya mabati. Manyoya meupe ya chumvi chini ya ukuta. Rangi mpya kwenye dari ya chumba kimoja tu ilhali vyumba vingine vina rangi ya zamani, na hiyo ni ishara kubwa kuliko doa lenyewe, kwa sababu kuna mtu aliyeliona doa kabla yako akalifunika. Basi ripoti ya Januari isiposema waziwazi kwamba ukaguzi ulifanywa wakati wa ukavu na kwamba paa na madirisha hayakujaribiwa kwa maji, imemnyima mnunuzi jambo la kwanza alilopaswa kujua.

Namba 90 imezoeleka katika dhamana za wakaguzi wa Marekani. Huko chama cha wakaguzi kiitwacho InterNACHI kimetangaza mpango wa kuinunua nyumba yenyewe endapo mkaguzi mwanachama amepitiwa na kasoro, na muda wake ni siku 90 tangu ununuzi ukamilike. Lakini someni masharti yake: hauhusu kasoro ambayo haikuwapo siku ya ukaguzi, wala kitu ambacho kanuni za chama hazimtaki mkaguzi akikague. Tena anayebeba ahadi hiyo ni chama, si mkaguzi mmoja mwenye ngazi na tochi. Ukiichukua namba peke yake ukaipachika kwenye tangazo la Malindi, bila chama nyuma yake, bila kanuni zilizoandikwa, na bila kuangalia majira yetu, umechukua ganda ukaacha kokwa.

Sasa ahadi ya kurudisha pesa. Swali la kwanza ni: hadi lini? Mikataba mingi ya aina hii humtaka mteja aseme kwamba hakuridhika kabla mkaguzi hajaondoka kwenye nyumba, au kabla ripoti haijatolewa. Wakati huo mteja anajua nini? Amemwona mtu mwenye adabu, aliyefika kwa saa, aliyepanda juu ya paa. Ameridhika, bila shaka. Kasoro iliyopitwa haijajitokeza bado, na ikijitokeza mlango wa kurudishiwa pesa umeshafungwa.

Swali la pili ni kiasi. Tuseme ada ya ukaguzi ni Sh30,000, na mkaguzi akapitwa na boriti zilizooza katika vyumba viwili, kazi ya kuzibadilisha ikafika Sh400,000. Ukirudishiwa ada yako yote bado umebaki na pengo la Sh370,000. Mara nyingine kwenye mkataba huohuo kuna mstari mdogo usemao kwamba mteja akipokea ada yake amefunga madai yote. Hapo tangazo lililoitwa dhamana limegeuka kufuli. Jimbo la California, ambalo hata halimpi mkaguzi wa nyumba leseni, limeandika katika sheria zake kwamba kifungu kinachoufunga wajibu wa mkaguzi kwenye bei ya ripoti yake ni batili. Hapa kwetu Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia ya hasara iliyotokana na kasoro ya huduma hiyo. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai ya hadi Sh1 milioni. Kwa hiyo asiyeridhika asidhani kwamba maneno ya tangazo ndiyo mwisho wa haki yake.

Mbinu inayotuuma zaidi ya zote ni "ukaguzi wa bure wa unyevu". Mtu anakuja na mita yenye sindano mbili, anaigusisha ukutani, mita inalia na kuonyesha nyekundu, na papo hapo anatoa bei ya dawa ya kuzuia maji au plasta ya saruji. Katika nyumba za zamani za Malindi, na zaidi katika Mji Mkongwe wa Lamu, jambo hili linaharibu kuta zilizosimama karne nzima.

Ile mita haipimi maji. Inapima jinsi umeme mdogo unavyopita kati ya sindano mbili, na namba zake zimepangwa kwa ajili ya mbao. Chumvi ikipata unyevu kidogo tu hupitisha umeme vizuri sana. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa na mchanga wa pwani una chumvi ndani yake, na hewa ya bahari huiongeza kila siku. Mita italia hata pale ambapo maji hayapandi wala hayavuji. Mkaguzi anayejua kazi huitumia kulinganisha tu: hupima kila sentimita 20 kutoka sakafuni hadi kimo cha kifua, akachora namba zinavyoshuka, kisha akatafuta uthibitisho kwa njia nyingine.

Njia rahisi ni foili ya jikoni. Pangusa ukuta, kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache saa 24 hadi 48. Matone yakitokea upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni hewa ya chumba inayopoa juu yake, na dawa yake ni dirisha, si plasta. Njia ya uhakika zaidi ni kutoboa kwa drili ya mwendo wa polepole, ili joto lisikaushe sampuli, ukachukua unga wa kutoka kina cha sentimita 5 hadi 10. Pima gramu 50 hapo hapo, kausha katika oveni ya nyuzi 105 hadi uzani uache kushuka. Ukibaki na gramu 48, maji yalikuwa gramu 2, yaani kama asilimia 4 ya uzani mkavu. Hiyo ni namba inayoweza kujadiliwa. Mlio wa mita si namba.

Na plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe inafanya nini? Chokaa huuacha ukuta upumue: unyevu huingia na kutoka. Saruji huuziba. Maji yaliyomo hutafuta njia nyingine, hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma. Baada ya misimu michache plasta hufura, hulia mvungu ukiigonga, kisha hubanduka na vipande vya ukuta. Fundi akirudi ataambiwa aongeze saruji. Dawa ni kuibandua yote na kurudisha chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tabaka kwa tabaka lisilozidi kama milimita 10, na kila tabaka linyunyiziwe maji siku kadhaa lisikauke kwa haraka. Mji wa Lamu uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo mwenye nyumba huko asikubali mkaguzi wala muuza dawa aguse ukuta kabla hajawauliza watu wa Makumbusho ya Taifa.

Kamera ya joto nayo imekuwa pambo la matangazo. Ni chombo kizuri, lakini kinaona joto la uso wa kitu, hakioni ndani ya ukuta. Ili kionyeshe kitu lazima pawe na tofauti ya joto. Nyumba ya Malindi isiyo na kiyoyozi, madirisha yote wazi, ina kuta zenye joto karibu sawa, na ukuta uliopigwa jua la alasiri utaonyesha jua tu. Kinakofaa ni kwenye bodi ya umeme wakati viyoyozi, pampu na hita vyote vinafanya kazi, maana hapo waya uliolegea huonekana unawaka. Picha ya rangi za bluu na nyekundu iliyopigwa umeme ukiwa umezimwa haina maana yoyote.

Droni pia huonyesha mgongo wa makuti, nayo makuti hukaguliwa kutokea chini, mchana, taa zikiwa zimezimwa. Ukiona nukta za mwanga, mvua itaziona pia. Halafu pima mteremko. Makuti yenye mteremko wa nyuzi 45 au zaidi humwaga maji. Yaliyolala hunywa maji, huoza, na hudumu muda mfupi zaidi. Droni haipimi hilo.

Kwenye zege kuna kosa moja ambalo hata wenye ujuzi hulifanya, na linageuka dhamana ya uongo bila nia mbaya. Mkaguzi hutoboa nguzo, hunyunyiza fenolfthalini, dawa ya kupimia inayobadilisha rangi, zege inageuka waridi, na ripoti inasema nondo ziko salama. Rangi ile inaonyesha kwamba zege haijapoteza ualkali wake, ule unaozilinda nondo, kwa hewa ya kaboni. Haisemi lolote kuhusu chumvi. Zege iliyochanganywa kwa mchanga wa ufuoni au maji ya kisima cha chumvi hulisha nondo kutu huku ikiwa waridi vizuri kabisa, na hapa pwani hicho ndicho chanzo kikubwa. Gonga nguzo na boriti za zege kwa nyundo ndogo ukisikiliza sauti ya uwazi, tafuta nyufa ndefu zinazofuata mstari wa nondo na madoa ya kahawia, pima unene wa zege juu ya nondo. Karibu na bahari tunataka kati ya milimita 40 na 50, tunakuta 15. Mwenye shaka apeleke sampuli ya unga wa zege maabara ikapimwe chumvi. Asiyeipima asiandike neno "salama".

Boriti za mkoko, kwa nyumba za Lamu na za mji wa kale hapa kwetu, huoza kwanza kwenye ncha iliyozama ukutani, mahali ambapo macho hayafiki. Chomeka bisibisi nyembamba pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inang'aa kwa rangi. Unga laini sakafuni chini yake ni kazi ya wadudu, na vijia vya udongo ukutani ni vya mchwa. Mkaguzi anaweza kusema kwamba siku fulani hakuona mchwa hai. Hawezi kudhamini kwamba hawatakuja.

Umeme tutaupita haraka kwa kuwa wenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, wapo na kazi hiyo ni yao. Mnunuzi adai namba mbili tu zilizoandikwa: swichi ya kinga, ile inayokata umeme unapovuja, ilikatika kwa miliampia 30 ndani ya milisekunde ngapi (isizidi 300), na waya wa ardhi una ukinzani wa omu ngapi. Mchanga mkavu wa pwani haupokei umeme vizuri na kibanio cha waya wa ardhi huliwa na kutu, kwa hiyo kubonyeza kitufe cha "test" hakutoshi.

Kuhusu nembo: hatujui leseni ya serikali inayotolewa kwa mkaguzi wa nyumba wa mnunuzi peke yake. Bodi ya Wahandisi husajili wahandisi, EPRA mafundi umeme, na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, wakandarasi. Nembo ya NCA kwenye tangazo la ukaguzi inaweza kuwa halali kabisa na bado isithibitishe lolote kuhusu ukaguzi. Pengine inakuambia kwamba huyu anayekukagulia ana kampuni ya ujenzi, na ndipo uulize: akikuta kasoro, nani ataitengeneza? California inamkataza mkaguzi kuitengeneza kwa malipo nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12 iliyopita. Sisi tungependa desturi hiyo ishike hapa bila kungoja sheria. Na mkaguzi aliyeletwa na dalali, akamlipa dalali kamisheni kwa kuletewa mteja, ana sababu ya kutoyavunja mauzo. Muulize usoni, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Nyota tano mtandaoni zinazotolewa siku ya ukaguzi, mara nyingi kwa kupunguziwa bei, ni sifa ya adabu. Tafuta maoni ya mtu aliyekwisha kupita masika mbili katika nyumba ile.

Basi dhamana inayofaa pwani iweje? Kwanza iseme mkaguzi anadhamini kazi yake, si nyumba. Kazi inadhaminika: ripoti ya maandishi ndani ya siku tatu, picha ya kila kasoro, na ukurasa mzima wa sehemu ambazo hazikufikiwa na kwa nini, kama chumba kilichofungwa, tangi lililojaa, dari lisilo na mlango. Ukurasa huo ndio unaotenganisha mkaguzi na mpiga picha. Pili, aliyekagua Kaskazi arudi mara moja bila malipo kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Juni, nyumba ikiwa imelowa, na muda wa madai uhesabiwe kuanzia ziara hiyo. Tunajua gharama yake: ni nusu siku ya kazi na nauli, na inaweza kuingizwa kwenye ada tangu mwanzo bila kumficha mteja. Tatu, kiasi cha fidia kitajwe kwa shilingi, kizidi ada, na mkaguzi aonyeshe bima ya dhima ya kitaalamu itakayokilipa. Asiye na bima aseme hana na atoze kidogo. Hilo ni heri kuliko kuahidi asichoweza kulipa.

Kwa waliokwisha kununua wakiwa na karatasi ya siku 90 mkononi, msingoje mvua. Ileteni mvua nyinyi wenyewe kabla muda haujaisha. Kwa kuta na madirisha tumieni mpira wa maji: anzeni chini, dakika 10 hadi 15 kila mahali, mpande taratibu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Mkianzia juu maji yatateremka kila mahali na hamtajua yalipoingilia. Dari tambarare la zege zibeni matundu ya maji, jazeni kina cha sentimita 5, wacheni saa 24, kisha tazameni chini yake na kwenye pembe. Kina hicho ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo msijaribu juu ya dari la zamani la boriti na chokaa, wala juu ya zege ambayo tayari ina nyufa. Bwawa la kuogelea liwekeeni ndoo ya maji juu ya ngazi ya ndani, wekeni alama kiwango cha ndoo na cha bwawa, pampu ikiwa imezimwa, mlinganishe baada ya saa 24: bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Pigeni picha zenye tarehe, andikeni barua kwa mkaguzi mkitaja ukurasa wa ripoti, mtume kwa njia mbili, na ifike siku ya 80, maana siku ya 89 hupatikana Jumapili na ofisi imefungwa.

Ni sisi wakaguzi wa majengo,
Malindi, Kaunti ya Kilifi